Matanga ya Mtu Aliye Hai

Bweni la wanafunzi wa uzamili, pale chuoni Morogoro, lilikuwa na dawa mbili za kichwa kizito. Ya kwanza ni vidonge vya zahanati, na hivyo siku zote vilikuwa vimekwisha. Ya pili ni Mwanaheri, mhudumu wa bweni, na huyo hakuwahi kukosekana hata siku moja, mvua inyeshe, jua liwake, mshahara uje, usije.

Alikuwa mtu wa Kinole, Mluguru wa mlimani, mnene kiasi, mdomo hauna breki. Alishuka mjini akimfuata mume, mume naye akamfuata mwingine. Akaajiriwa kiwandani, akasimama mbele ya mashine miaka kumi na mmoja, mpaka asubuhi moja walipokuta geti limefungwa kwa mnyororo na tangazo limebandikwa kwamba kiwanda kinatafutiwa mwekezaji. Wenzake walilia pale getini. Yeye aliuliza kama huyo mwekezaji ana mke. Ndivyo alivyokuwa: jambo likimzidi kimo alilitania kwanza, kulia baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika.

Chuoni alikabidhiwa deki, funguo, na sufuria kubwa ya kuchemshia maji ya kunywa. Ushauri wa wanafunzi haukuwa kazi yake. Hiyo ilikuwa kazi ya Veronika, mama mmoja mtaratibu, mwenye ofisi yake na kabati la mafaili na kibao mlangoni kilichoandikwa Mshauri wa Wanafunzi. Lakini nani atakwenda kwenye mlango wenye kibao? Ukionekana umekaa kwenye benchi la nje, kufika jioni chuo kizima kinajua umerukwa na akili.

Na usidhani wanafunzi hao walikuwa watoto. Walikuwa watu wazima, mabwana shamba na mabibi shamba, wengine na mvi zao, wameacha wake na waume na watoto watano, wamekuja kulala kwenye vitanda vya futi mbili na nusu. Miaka hiyo ya tisini mwanzoni kila kitu kilikuwa kinageuzwa juu chini. Posho ilichelewa miezi. Wizara zilikuwa zinapunguza watu, kwa hiyo mtu anasoma huku hajui kama meza yake huko alikotoka ingalipo. Anapeleka sura ya tatu kwa msimamizi, inarudi imejaa wino mwekundu. Hali, halali, anazungumza na ukuta. Veronika aliita hali hiyo msongo wa mawazo. Mwanaheri alisema kichwa kimechemka, kiepue.

Kukiepua alikuwa na njia yake. Mtu akishuka ngazi na macho mekundu, Mwanaheri alimkalisha kwenye mkeka barazani, akamtupia ungo wa mchele. "Chambua," alimwambia. Mchele wa wakati ule ulikuwa na mawe ya kutosha kujengea msingi, na huwezi kuchambua mchele kwa haraka. Macho yanatulia, vidole vinatulia, mtu anaanza kuvuta pumzi kama binadamu. Hapo ndipo Mwanaheri alipoanza kumchokoza. Kabila lako ni lipi? Mzigua? Ah, mtani wangu huyu, ndiyo maana unashika ungo kama unashika usukani. Kabla ya mchele kwisha mtu anacheka, na akicheka anapanda kulala. Wengi walimaliza shahada zao hivyo, na wengine walirudi baadaye na zawadi ya kanga. Mwanaheri akajiamini, tena akapitiliza. Alikuwa akisema mbele ya watu kwamba chuo kingevunja ile ofisi ya Veronika, kikaongeza mchele.

Mtani aliyempenda kuliko wote alikuwa Stephano Kapela, Mnyamwezi wa Sikonge, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza tu, alipotaja kwao, Mwanaheri aliweka deki chini akamzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akamwambia: babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani, akaomba maji kwa babu yangu, akaondoka na kata. Naam, nimekungoja miaka mia, kata iko wapi? Stephano akamjibu kwamba babu yake aliirudisha ile kata, ila Waluguru hawakuonekana, maana mguu mmoja mfupi na mmoja mrefu kwa kutembea mteremko, walikuwa wanazunguka mlima hawawezi kuteremka. Wakaanzia hapo, miaka miwili bila kuchoka. Mwanaheri alimvuta shuka, alimfichia kiatu, alimwita mtumwa wake mbele ya wageni. Yeye akamwita nyani wa mlima Bondwa. Aliyepita na kusikia bila kujua utani angeita polisi.

Utafiti wa Stephano ulikuwa Mgeta, kule Nyandira, kwenye matuta ya kabichi. Wakulima saba walimwazima vipande vya shamba. Alitia mbolea kwa kipimo, hiki kingi, hiki kidogo, hiki bila kitu, na kila baada ya wiki mbili alipanda mlima kupima. Alifanya hivyo misimu mitatu. Msimu wa nne ndio ulikuwa wa kufunga hesabu, na bila huo ile mitatu haikuwa na maana. Kazini kwake walikuwa wamemwandikia barua kwamba asiyerudi na cheti kufika Januari jina lake litaondolewa.

Basi mwaka huo ruzuku ya mbolea ikaondolewa, chama cha ushirika kikafa kifo cha kimya, na malori ya Dar yakaanza kupanda mpaka Nyandira yakinunua kabichi kichwa kwa kichwa. Bei nzuri, fedha mkononi. Wale wakulima walikuwa na watoto wa kulisha. Walivuna kila kitu, kabichi za majaribio zikiwemo. Stephano alipofika na mzani wake alikuta mashina. Hakuna aliyemfanyia ubaya, na hilo ndilo lililomvunja, maana hakuwa na wa kumlaumu.

Alirudi bwenini Jumapili. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano Mwanaheri alimwona akipita barazani, anasimama, anatazama, anaondoka. Alidhani anamtegea utani mpya. Alhamisi alasiri, Mwanaheri akiwa na wanafunzi wanne watano wakimenya maharage mabichi, Stephano akatoka akasimama mbele yake mikono imening'inia.

"Mtani," akasema, "nimekufa. Njoo unizike."

Haya. Wewe ungefanya nini? Mtani wako anapokuambia amekufa, tena mbele ya watu, tena kwa sauti ile ile ya chini aliyotumia kwa mizaha yote ya miaka miwili? Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka. Ndiye anayeingia kaburini akakataa kutoka, ndiye anayevaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa akitembea. Mwanaheri aliyafanya hayo kwenye misiba ishirini, na watu walimshukuru. Aliruka kutoka kigodani, akafunga kanga kiunoni, akapiga ukunga uliosikika mpaka maktaba.

"Njooni, njooni mwone," akaita, "mpagazi wetu amefariki, nani atatubebea mizigo?"

Wakajaa. Vyumba vya juu vilifunguka, watu wakashuka na kandambili. Mwanaheri akamlaza Stephano kwenye mkeka, akamfunika kanga mpaka kidevuni, akakaa kichwani pake akilia kilio cha uongo na kupanga sifa za marehemu: alikuwa mlafi, alikuwa mwoga wa nyoka, aliazima wembe hakurudisha. Severin, jirani wa chumba wa Stephano, alicheka mpaka akashika ukuta. Wakapitisha bakuli la rambirambi, watu wakatia maharage.

"Na tumzike wapi?" Mwanaheri akauliza. "Sikonge ni mbali, garimoshi linasimama kila mti."

"Nizikeni Nyandira," akajibu marehemu chini ya kanga. "Kwenye matuta yangu. Huko ndiko nilikofia."

Kicheko kikapanda tena. Kisha Stephano akaondoa kanga, akaikunja vizuri, akaingia chumbani kwake. Akatoka na radio yake ya kaseti, ile aliyoipenda, akaiweka mapajani mwa Mwanaheri.

"Mali ya marehemu," akasema. "Mtani ndiye mwenye haki ya kwanza."

Mwanaheri akaipokea kwa mikono miwili, akamwambia asante, ufe tena kesho uniletee na saa. Stephano akatabasamu. Meno Mwanaheri aliyaona. Macho hakuyatazama, alikuwa anatafuta mahali pa kufungulia radio.

Ijumaa asubuhi Mwanaheri alikwenda kupiga deki chumba namba tisa, cha Stephano, akakuta mlango hauna kufuli. Kitanda kimetandikwa, shuka limenyooshwa pembe kwa pembe. Juu ya meza daftari zote za vipimo zimepangwa, na juu yake ufunguo. Mwanaheri alisimama na deki inachuruzika maji. Akajiambia: amekwenda mjini. Jioni akajiambia: amelala kwa rafiki.

Jumamosi Veronika aliwakusanya wahudumu na wanafunzi wa ghorofa ile. Alikuwa na karatasi mkononi. Leo ni siku ya pili Stephano hajaonekana, akasema, na msimamizi wake ameniambia kilichotokea Mgeta. Kila aliyezungumza naye aniambie. Alisema nini? Alikuwa anakula? Alimpa mtu yeyote kitu chake, nguo, kitabu, chochote?

Mwanaheri akasikia lile neno la mwisho likimwingia. Severin alikuwa amesafiri tangu Ijumaa kwenda kwao, na wale wengine waliokuwepo barazani walitazamana, wakamtazama yeye. Radio ilikuwa zawadi ya utani, nani angeiita kitu? Walimngojea yeye, mwenye shughuli, aseme. Na siku hizo, sikiliza vizuri, ilikuwa inasemekana kazi ya usafi itapewa kampuni, na orodha ya wahudumu wa kubaki inaandikwa. Mwanaheri alikuwa na binti mmoja, Pili, kidato cha pili, na chumba cha kupanga Kihonda. Lakini tusimsingizie umaskini. Orodha ilimwogopesha, ndiyo, ila kilichomfunga mdomo ni aibu. Angeanzaje? Mtu alikuja kuniambia anakufa, nikaita watu waje wacheke, nikachukua radio?

"Hakusema kitu," akasema Mwanaheri. "Alikuwa kimya tu."

"Wala hakutoa kitu?"

"Mimi sikuona."

Wale wengine nao walikuwa wamecheka, hakuna aliyetaka kumkana. Veronika akaandika. Kwa maneno hayo mawili chuo kikaamua kwamba mtu amekata tamaa amekwenda kwao, ni kawaida. Wakatuma mtu stesheni, wakapiga telegramu Tabora kwa mkewe, wakaulizia mabehewa ya garimoshi la reli ya kati. Watu wote walitafuta magharibi, na aliyejua kwamba mlima uko kusini alikuwa nyumbani kwake Kihonda, anapika ugali.

Usiku ule alilala, la, alijilaza. Jumapili asubuhi Pili aliwasha radio. Mwanaheri akamwambia azime. Pili akauliza kwani mbovu? Akamwambia azime kabla hajaipasua. Binti akazima, akatoka nje amenuna. Mwanaheri akaketi peke yake na ile radio, akaanza kuirudia Alhamisi neno kwa neno, na kila neno alilokuwa amelicheka sasa lilikuwa limesimama wima. Nimekufa. Njoo unizike. Huko ndiko nilikofia. Akakumbuka vile vile siku tatu ambazo Stephano alikuwa anapita barazani na kusimama. Akakumbuka ile kanga alivyoikunja, polepole, kama anairudisha dukani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, bibi yake alizoea kumwambia, naye alikuwa anamjibu bibi atengeneze dawa ya usaha. Alikwenda msikitini upande wa wanawake, akasali, akaomba Stephano awe hai, na hata pale kwenye sala alijua kwamba anamwomba Mungu afanye kazi ambayo yeye angeifanya kwa kufungua mdomo. Akarudi nyumbani. Hakufungua mdomo. Siku nzima nyingine ikapita, na hiyo ndiyo siku ambayo mpaka leo haitaji kwa jina.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, chini ya kile kibao, radio magotini. Watu walipita wakamwona. Veronika alipofika akafungua mlango, Mwanaheri aliingia nyuma yake akaiweka radio juu ya mafaili.

"Ya Stephano," akasema. "Alinipa Alhamisi. Alisema amekufa, nikamfanyia matanga pale barazani. Alisema tumzike Nyandira."

Veronika hakuketi. "Jumamosi nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukasema hukuona."

"Nilisema uongo."

Mwanaheri alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe, angalau mtu mwingine aanze. Veronika alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akasema gari la ofisi halina mafuta, atayatafuta, huenda ikawa kesho alfajiri. Akauliza, kuna mtu unayemjua pale Nyandira?

"Kuna mama anaitwa Anastasia. Stephano alikuwa anapanga kwake."

"Basi nenda sasa hivi. Mengine tutayazungumza akiwa hai."

Ile "akiwa hai" aliibeba njia nzima. Alipata lori tupu njiapanda ya Sangasanga, linakwenda kupakia, akakaa mbele kati ya dereva na utingo wake. Barabara ya Mgeta unaijua: inapanda, inajikunja, inabomoka, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu na upande mwingine hakuna kitu. Dereva alikuwa mcheshi, akamuuliza mama wa mjini anafuata nini huku, bwana ametoroka? Siku nyingine Mwanaheri angemjibu mpaka akaegesha gari. Alisema anakwenda kumwangalia mgonjwa. Kila kona aliona matuta mapya, kabichi mbichi za kijani zimejipanga, na kila kona alijisemea kwamba kama wamemkuta amekufa, yeye ndiye aliyemzika kwanza.

Nyandira ilikuwa siku ya soko. Watu wanashusha matenga ya karoti na njegere kwenye vichochoro vya mteremko, malori manne yamejipanga yanapakia. Nyumba ya Anastasia ilikuwa juu kidogo ya soko, ya matofali ya kuchoma. Mwenyewe, mjane mwembamba mwenye rozari shingoni, alikuwa uani anachochea moto.

"Shikamoo, mama," Mwanaheri akasema. "Natoka chuoni. Namtafuta Stephano."

"Marahaba. Mmechelewa," akajibu Anastasia bila kuinua kichwa, na Mwanaheri akashika nguzo ya jiko. Yule mama alipomwona alivyobadilika rangi akaongeza haraka: "Yupo. Yuko nyuma. Nilisema mmechelewa kwa kuwa ni siku ya nne hii sijaona mtu."

Akamsimulia. Alifika Ijumaa bila begi wala sweta. Hakula. Alikwenda kukaa kwenye matuta yale yaliyovunwa. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili, watu wakiwa kanisani, wanawake wawili waliokwenda kukata kuni walimkuta amekaa ukingoni mwa genge, miguu imening'inia. Wakamwita, hakugeuka. Mmoja akakaa naye akaimba nyimbo za kanisani, mwingine akaja mbio kuita wanaume. Wakamrudisha. Tangu hapo wanaume wa jirani wanalala naye kwa zamu. Barua kwa chuo waliiandika, walikuwa wanatafuta lori la kuipeleka.

Jumapili. Mwanaheri akapiga hesabu ya saa, hakuweza kujizuia. Wakati ule mwanamke asiyemjua ameketi na Stephano kwenye genge, yeye aliyemjua alikuwa Kihonda anamgombeza Pili kuhusu radio.

Stephano alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye gogo, amejifunika blanketi la mwenye nyumba, mashavu yameingia. Alipomwona Mwanaheri akainua mdomo upande mmoja.

"Mtani," akasema. "Umekuja kumalizia mazishi?"

Ulimi wa Mwanaheri ulikuwa na jibu tayari. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hata pale, hata siku ile, jibu lilikuwa limekwisha kupanda na lilikuwa zuri. Akalimeza.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema.

"Mtani haombi radhi." Stephano alitazama mbele, kwenye mashina ya kabichi mteremkoni. "Utani hauna kesi. Nenda kwa mama ukanywe chai, umetoka mbali."

Na ilikuwa kweli. Uliza Uluguru, uliza Unyamwezi, utaambiwa hivyo hivyo: la mtani halichukuliwi kwa ubaya, halina fidia, halina kinyongo. Alikuwa amepanda mlima wote ule na kosa lake mkononi na hakuna wa kulipokea. Angeweza kunywa chai, akashuka na lori, na hakuna mtu wa kabila lake wala la Stephano ambaye angemnyooshea kidole. Alisimama hapo, akaona kwamba akitoka kwa mlango huo ulio wazi, atakaa na jambo hili tumboni mpaka atakapokufa, na Stephano atakaa na lake, na watatabasamiana.

Akaketi chini, kwenye udongo, mbele ya lile gogo.

"Basi nauvua," akasema. "Utani nimeuvua, nimeuweka hapa chini. Mimi si mtani wako. Naitwa Mwanaheri binti Mkude, mhudumu wa bweni, ni sawa na dada yako mkubwa. Nakuuliza, Stephano. Ulitaka kufa?"

Huko sokoni mtu alikuwa anahesabu matenga kwa sauti.

"Ndiyo."

"Alhamisi uliponiambia, ulikuwa unaniambia kweli?"

"Kweli."

"Na mimi nikacheka."

"Ulicheka," akasema Stephano, na sauti yake, ile ya chini, ikapanda. "Ulinilaza mkekani. Ulinifunika kanga." Akasimama, blanketi likaanguka. "Nilizunguka chuo kile siku nne natafuta wa kumwambia. Msimamizi nilimwogopa. Mke wangu nilimhurumia. Kwa yule mama wa ofisini niliona aibu ya benchi. Nikasema yupo mmoja, huyo naweza kumwambia hata nimekufa, hatashtuka, hatanihukumu. Wewe. Nikaja mpaka mbele yako nikakwambia. Ukaita watu. Mimi nimekuja kwako peke yako, wewe ukaita watu waje kutazama."

Alikuwa anapiga kelele sasa. Anastasia alitokea pembeni mwa nyumba, mwiko mkononi, akasimama. Mwanaheri alimpungia asije. Stephano alisema yote, kuhusu maharage kwenye bakuli, kuhusu Severin alivyoshika ukuta, kuhusu radio aliyoipokea na kushukuru. Machozi yalikuwa yanamtoka Mwanaheri nayo hakuyafuta. Mara mbili alifungua kinywa kusema sikujua, nilidhani, na mara mbili alikifunga, kwa sababu si yeye aliyekuwa na zamu ya kusema.

"Nimekusikia," Mwanaheri akasema, Stephano alipomaliza.

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Na Jumamosi waliniuliza, nikaficha. Hilo ulikuwa hulijui. Lijue na hilo."

Stephano akamtazama, safari hii usoni hasa, kwa hasira ya mtu anayemwona mtu. Hakumwambia amemsamehe. Alibaki amesimama, anahema. Kisha akaketi tena kwenye gogo, akavuta blanketi, akaanza upya tangu siku ile aliyofika na mzani wake asubuhi na kukuta mashina, akimweleza shamba baada ya shamba, nani alivuna nini na alisema nini. Mwanaheri akasikiliza. Chini sokoni malori yalianza kuondoka moja moja, na la mwisho likateremka bila yeye.